Madebe Thelathini na Mawili

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta. Ndani ya hadithi hii mtamkuta kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele alizowahi kunyoa, mtamkuta Mzungu mrefu kama mlingoti, na mtamkuta rafiki yangu Azzan mwenye masikio mapana kama visahani. Mjinga si mmoja wao. Mjinga ni Bushiri mwana wa Safari, wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na kichwa kilichojaa hesabu.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na tano, enzi za Mwingereza. Kila alfajiri mama yangu, Mwanamkuu, alikaanga vitumbua uani. Vilivyoiva vizuri vilikwenda sokoni. Vilivyoungua vilikuwa vyangu. Kwa hiyo nilikaa karibu na jiko nikimwongelesha, nikitumaini atasahau kugeuza.

"Unanisemesha ili viungue," mama alisema.

"Mimi, mama? Nakupa habari za shule tu."

"Habari zako zina harufu ya moshi. Ondoka hapa."

Baba alicheka chinichini, akavaa kofia yake, akaenda kazini Uzunguni. Mimi nilikwenda shule, na ilipofika saa tisa alasiri nilimfuata huko huko, kwenye klabu ya Wazungu, kuokota mipira ya tenisi kwa senti tano kila jioni.

Baba yangu, Mzee Safari, alikuwa mtunza kiwanja. Msidhani ni kazi ya kufagia. Kiwanja kile kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Baba aliufuata mwenyewe Buguruni, akauchagua, akauponda, akauchekecha mpaka ukawa laini kama unga, ndipo akautandaza. Jioni, jua likishazama, alikinywesha kiwanja maji kwa debe lililotobolewa matundu. Asubuhi alikipitishia rola, lile pipa zito la chuma lenye mpini, kisha akachora mistari kwa chokaa.

"Madebe ishirini," alinifundisha. "Kumi upande huu wa wavu, kumi upande ule. Chini ya udongo huu mwekundu kuna udongo wa mfinyanzi. Ukiunywesha kupita kiasi unavimba kimyakimya. Juu unaona pakavu, kumbe ndani ni uji."

"Sasa utajuaje kama pameiva, baba?"

Alivua ndara, akakita kisigino chini kwa nguvu. Hapakubaki alama yoyote. "Hivi," alisema.

Kwa miaka kumi na moja hakuna mchezaji aliyewahi kuumia kwenye kiwanja chake. Yeye mwenyewe hakulisema hilo. Mama ndiye aliyelisema, kwa majirani wote, hata wasiouliza.

Mwezi wa nane ikaja meli kutoka Afrika ya Kusini ikielekea Bara Hindi, na ndani yake walikuwamo Wazungu wawili wanaocheza tenisi kwa ujira. Jambo hilo lilitushangaza. Sisi tulijua Wazungu hucheza ili watoke jasho, basi. Kumbe wapo ambao raketi ndiyo jembe lao. Wangekaa mjini siku sita wakifanya mazoezi, na Jumamosi wangepambana wao kwa wao, mshindi achukue fungu kubwa la fedha.

Majina yao yalitushinda, kwa hiyo sisi waokota mipira tuliwapa ya kwetu. Mmoja alikuwa mrefu. Aliruka juu akaupiga mpira wa kuanzia hata macho yasiuone. Tulisikia tu ukigonga uzio. Huyo tukamwita Mlingoti. Wa pili alikuwa mfupi mwenye miguu ya haraka, na mpira wowote aliufikia. Huyo akawa Panzi. Panzi hakutusemesha. Mlingoti alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili, na kila nilipomrushia mpira alilitoa kwa bidii: "Asanti!" Nilimwigiza nyumbani mpaka mama akacheka akashika mbavu.

Habari za pambano zilifika Kariakoo upesi. Nyuma ya soko alikuwepo kinyozi aitwaye Abbasi. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na wembe mmoja, lakini shughuli zake zilikuwa mbili. Mbele ya kioo alinyoa. Nyuma ya kioo aliandika kwa chaki majina ya watu wanaocheza kamari.

"Shikamoo, mjomba Abbasi," nilimwambia siku ya Alhamisi.

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Safari wa kiwanjani? Wewe unawaona hawa watu kila siku. Nani atashinda? Niambie nikunyoe bure."

"Kwanza wewe niambie unalipaje."

Abbasi alicheka, akapangusa wembe. "Ukimwekea Mlingoti shilingi mbili, akashinda, nakurudishia mbili zako na moja juu. Ukimwekea Panzi shilingi mbili, akashinda, nakurudishia mbili zako na sita juu."

"Sita! Kwa nini Panzi analipa hivyo?"

"Kwa sababu hana wapenzi. Wapishi, makarani, mahamali wa Gerezani, wote wanamtaka Mlingoti. Mimi siwapimi wachezaji, mwanangu. Nawapima ninyi mnaowapenda."

Maneno hayo yaliniingia kama dawa. Nilikuwa na shilingi mbili kwenye kopo, akiba yangu ya miezi ya kuokota mipira, nikitamani viatu vyeupe vya raba kama vya wachezaji. Mbili zingeweza kuwa nane! Nilikimbia mpaka dukani kwa Bwana Humoud, baba yake Azzan, aliyekuwa akiuza tende na kahawa mtaani kwetu. Mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kuswali. Azzan alikuwa peke yake na mizani.

"Tuwapime," nilimwambia.

"Tumpime nani?"

"Wazungu."

Tukaokota kokwa za tende. Sahani hii ya mizani ikawa ya Mlingoti, ile ikawa ya Panzi, na kila sifa tukaipa kokwa zake. Urefu wa Mlingoti, tatu. Mkono wake, tano. Miguu ya Panzi, nne. Pumzi zake, mbili. Sahani ya Mlingoti ilishuka, ya Panzi ikaning'inia juu kama haina mwenyewe.

"Basi, Mlingoti," Azzan alisema. "Tuzirudishe kabla baba hajaja."

"Ngoja. Jumanne kulinyesha manyunyu, unakumbuka? Kiwanja kilikuwa kizito. Mpira wa Mlingoti ulikuwa ukianguka unalala, na Panzi akawa anaufikia taratibu kama anachuma embe. Siku ile Panzi alimshinda." Nikachukua kokwa tano, nikazitia upande wa Panzi. "Haya ni maji."

Mizani ikageuka.

Azzan alinitazama kwa makini. "Lakini Jumamosi hakuna manyunyu. Baba yako humwaga madebe ishirini tu. Hayo maji yako yatatoka wapi?"

Nilianza kuziokota kokwa sahanini.

"Halafu kamari ni haramu, Bushiri. Na baba akikuta tunapima Wazungu kwenye mizani ya tende, na sisi atatupima kwa bakora."

Nilicheka, nikaenda zangu. Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, shilingi zangu mbili zilikuwa mfukoni mwa Abbasi, na jina langu lilikuwa nyuma ya kioo. Naapa kwamba asubuhi ile sikuwa na nia nyingine mbaya zaidi ya kamari yenyewe. Nia nyingine ilikuja jioni, na ilikuja kwa sababu niliaminiwa.

Alasiri hiyo ililetwa habari klabuni kwamba ami yake baba amefariki kule Magomeni. Ilimpasa aende mazishini, na alale matangani na ndugu zake. Lakini kiwanja kilikuwa hakijanyweshwa, na kesho yake ndiyo siku ya pambano.

Baba aliniita pembeni. Debe lilikuwa mkononi mwake. Hakuwahi kuniachia debe lile hata mara moja. Nilikuwa nikimtekea maji tu. Alilitua mikononi mwangu polepole, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Leo kiwanja ni chako," alisema. "Madebe mangapi?"

"Ishirini, baba."

"Nakuamini."

Nilimwaga ishirini, kumi huku, kumi kule. Nilimwaga vizuri, matone yakaenea kama mvua ya rasharasha. Kisha nikasimama na debe tupu, nikaiona ile mizani. Nikajiambia, ni maji tu. Maji si wizi. Kiwanja kikiwa kizito kidogo, nani atakufa? Nikarudi kisimani. Nikaongeza madebe kumi na mawili, sita kila mwisho wa kiwanja, pale pale Mlingoti anaposimama kuanzisha mpira, ardhi imshike miguu asiruke.

Asubuhi nilipofika, sehemu hizo mbili zilikuwa nyeusi. Nilishtuka. Nikachukua udongo mkavu uliochekechwa, nikaunyunyizia juu, nikapitisha rola, nikachora mistari mipya. Jua likafanya sehemu yake. Ilipofika adhuhuri kiwanja kilipendeza kama siku zote, na mtu asingejua lolote.

Baba alirudi macho yakiwa mekundu kwa kukesha. Viti vya wageni vilikuwa vimeshapangwa. Alikita kisigino karibu na wavu. Hapakuwa na alama.

"Mangapi?" aliuliza.

"Ishirini, baba."

Akaniwekea mkono kichwani. "Umekuwa mtu mzima," alisema.

Mpaka leo nikiguswa kichwa nasikia maneno hayo.

Pambano lilianza saa kumi. Wazungu walikaa chini ya turubai wakipiga makofi kwa adabu. Sisi tulikuwa tumechuchumaa pembeni, tayari kukimbilia mipira. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hesabu zangu zilipoonekana zina thamani gani. Mlingoti alipiga mpira wa kwanza, akaona ardhi inamshika miguu na mpira hauna nguvu. Alitikisa kichwa, akabadili mchezo. Akaanza kuudondosha mpira karibu na wavu, mara kushoto, mara kulia. Panzi akawa anakimbia mbele na nyuma mpaka ulimi ukamtoka. Seti ya kwanza ilikuwa sita kwa mbili, kaichukua Mlingoti. Seti ya pili ikawa tatu kwa moja, na anayeongoza ni yeye yule.

Kumbe nilipima mkono, nikapima miguu, sikupima akili ya mtu. Nilikuwa nimeshindwa. Viatu vyeupe niliviona vikiondoka bila mimi ndani yake, na ningemshukuru Mungu kama mambo yangeishia hapo.

Mlingoti alirudi nyuma kuanzisha mpira. Aliruka juu, mkono ukapiga, akatua kwa mguu mmoja. Ardhi ikafunguka. Gamba la juu lilipasuka kama ukoko wa wali, mguu ukazama kwenye tope, mwili ukaendelea kwenda mbele. Nilisikia mlio mdogo, kama wa ukuni mbichi ukivunjwa gotini.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa baba. Alipiga magoti kwenye tope, akamwinua kichwa, akamkinga jua kwa kofia yake. Uso wa Mlingoti ulikuwa mweupe kama chokaa ya mistari. Akamtazama baba, akasema, "Asanti." Ndilo neno pekee alilokuwa nalo la kumpa.

Walimbeba. Mchezo ukavunjwa, Panzi akatangazwa mshindi. Nilikuwa nimepata shilingi nane.

Katibu wa klabu, Mzungu mnene aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu, alisimama juu ya lile shimo. Ndani yake maji yalikuwa yanametameta.

"Safari! Hapa maji mingi. Nani mwaga maji?"

"Mwanangu alimwaga, bwana, kwa agizo langu," baba alisema. "Madebe ishirini kamili. Nilimfundisha mwenyewe, na mtoto huyu hasemi uongo. Kama pamebomoka, kosa si la maji. Ni la udongo wangu. Nimeuchanganya vibaya."

Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Mdomo nilikuwa nao, na ulimi nilikuwa nao, tena ule unaoshinda kutwa ukipiga porojo na kumchelewesha mama kugeuza vitumbua. Siku hiyo ulilala kama mpira kwenye tope.

Baba alifukuzwa pale pale, bila cheti. Na siku hizo mtu aliyeacha kazi ya Wazungu bila cheti cha tabia njema hakupewa kiwanja kingine, hakupewa hata ufagio.

Kesho yake Abbasi alinihesabia shilingi nane akinipiga begani. "Kichwa hiki!" alisema. "Mji mzima ulikuwa kwa Mlingoti, wewe peke yako kwa Panzi!" Nilizitia kwenye kopo, nikalificha chini ya kitanda. Usiku niligeukia ukutani ili nisilione.

Nilidhani baba atakasirika. Ningefurahi angekasirika. Badala yake alikwenda Buguruni, akarudi na kikapu cha udongo wa kichuguu. Uani kwetu akatengeneza kiwanja kidogo chenye ukubwa wa mkeka: mfinyanzi chini, udongo mwekundu juu, kila kitu kama kule. Akachukua kikombe badala ya debe. Akamwaga vikombe ishirini, akasubiri, akakita kisigino. Hapakuwa na alama. Akatikisa kichwa, akauvunja, akaanza upya.

"Baba Bushiri," mama alimwuliza siku ya pili, "unatafuta nini humo?"

"Kosa langu."

"Na kama halimo?"

"Limo, Mwanamkuu. Mtu amevunjika mguu. Kosa haliwezi kukosa kuwamo."

Siku ya tatu Bwana Humoud alikuja mwenyewe nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba shule moja ya Wahindi kule Upanga inatafuta mtunza kiwanja. Mwalimu mkuu wake alikijua kiwanja cha baba. Baba akileta cheti cha kazi ya zamani, watamchukua. Na katibu akiombwa vizuri, huenda akakiandika.

Baba alimshukuru sana. Kisha akasema, "Siwezi, Bwana Humoud. Mikono hii haijui tena. Imevunja mguu wa mtu mzima. Niipeleke ikavunje na ya watoto?"

Asubuhi iliyofuata alikwenda bandarini kubeba magunia. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Jioni mama alimpaka mafuta ya nazi begani, mahali ngozi ilipochubuka. Habari za majirani mama hakuzisema tena.

Azzan nilimkuta mlangoni mwa duka. Hakunisalimu. "Zile kokwa tano za maji," alisema, "uliishia kuzitia wapi?" Akaingia ndani.

Sikuweza kusema, wenzangu. Nilijaribu. Nilimfuata baba mpaka kizingitini mara mbili, nikarudi na kisingizio cha kuomba chumvi. Basi siku ya tano, baba alipokwenda bandarini, nilikaa mbele ya kile kiwanja chake kidogo. Nikachukua kikombe. Nikamwaga ishirini. Kisha nikaongeza, nikihesabu kwa sauti ili nijisikie mwenyewe, mpaka thelathini na viwili. Nikanyunyizia udongo mkavu juu, nikaubana kwa chupa, nikauacha juani.

Baba aliporudi, nilimwambia, "Baba, nakuomba ukite kisigino hapo."

Alinitazama kwa uchovu. Alivua ndara, akakita. Gamba likapasuka, mguu ukazama, tope likamruka mpaka kwenye ugoko.

Aliinama akautazama mguu, ukiwa bado humo.

"Vikombe vingapi?" aliuliza.

"Thelathini na viwili."

"Na Ijumaa ile?"

"Madebe thelathini na mawili, baba. Nilikuwa nimemwekea Panzi shilingi kwa Abbasi."

Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimelitayarishia shavu. Lakini baba alikaa chini pale pale kwenye tope, akafungua viganja vyake, akavitazama ndani, akavigeuza akavitazama nje.

"Kumbe haijambo," alisema polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya mgonjwa wake. "Mikono yangu haijambo."

Ndipo machozi yakamtoka. Baba yangu sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala mazishini hakulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Kesho yake tulikwenda klabuni, baba na mimi. Nilisema kila kitu mbele ya katibu, tangu mizani ya tende mpaka debe la mwisho. Aliniita maneno ambayo sikuyaelewa na nashukuru. Kazi haikurudi, mtu mwingine alikuwa tayari anasukuma rola ya baba. Lakini katibu alikaa mezani akaandika cheti, miaka kumi na moja ya kazi safi, akagonga muhuri. Nilimwomba ruhusa nimwone Mlingoti. Akaniambia meli imeondoka juzi. Mlingoti alipandishwa juu ya machela, mguu umefungwa mbao, na Panzi ndiye aliyembebea raketi zake. Pambano la Bara Hindi angelitazama akiwa kitini. Ombi langu la radhi sina pa kulipeleka mpaka leo.

Shule ya Upanga ilimchukua baba, kwa mshahara pungufu kuliko wa zamani. Siku hiyo njiani nilijikaza nikasema, "Baba, nikitoka shule nitakuwa nakuja kukumwagia maji."

"Wewe soma," alijibu. Hakuwa na hasira. "Maji nitamwaga mwenyewe."

Nilitembea nyuma yake mpaka Kariakoo, nikizitazama ndara zake.

Lilibaki kopo. Tulikwenda nalo kwa Abbasi watu watatu, mama akiwa na bakuli lake la vitumbua kichwani. Kinyozi alikuwa katikati ya kumnyoa hamali mmoja wa Gerezani. Baba aliziweka shilingi nane mbele ya kioo.

"Bwana Abbasi, hizi si zetu. Wagawie waliomwekea Mlingoti."

"Nigawe nini, Safari? Mchezo umekwisha. Panzi alitangazwa, mimi nikalipa, sikulalamika."

"Mtoto aliwapima wachezaji kwa kokwa kwenye mizani ya tende, kisha akamwaga maji zaidi."

Hamali aligeuka na povu shavuni. Abbasi alishusha wembe, akanikodolea macho. Kisha, badala ya kukasirika, akatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko matusi ya katibu.

"Unajua una nini nyumbani kwako, Safari? Watu wazima wanaleta shilingi zao na kuomba dua. Huyu alipima mkono, akapima miguu, akapima udongo, mpaka maji akayapima! Niachie mimi. Akitoka shule akae hapa nyuma ya kioo, kila juma nitampa shilingi. Kamari yenyewe haina ubaya, ubaya ni kutojua hesabu. Na nasikia huko Upanga mshahara si ule."

Nitawaambia kweli: hata baada ya yote yale, kuna kipande cha moyo wangu kilichovimba kwa sifa. Baba alijishika bega. Shilingi ni shilingi, na bega lake lilikuwa bado bichi. Akatazama chini.

"Au wewe unasemaje, shemeji?" Abbasi alimgeukia mama. "Mtoto anajua kupima kila kitu. Nipe mimi nimmalizie kumfundisha yaliyobaki."

Mama aliteremsha bakuli, akaliweka kando ya zile shilingi.

"Alipima kila kitu, Abbasi, akasahau kumtia baba yake kwenye mizani," alisema. "Kwa kazi yako hii, kimebaki nini cha kumfundisha?"